Kicukiro Kabla ya Mpira wa Kwanza

Kama unamsubiri Carlos Alcaraz ashuke uwanja wa ndege wa Kanombe, begi la raketi begani, tafuta kiti ukae kabisa, maana utasubiri sana. Yeye na Jannik Sinner ndio waliogawana mataji yote manane makubwa ya 2024 na 2025, manne kwa manne, na Kigali inapocheza tenisi watu wa daraja lao huwa California wakijiandaa na mashindano makubwa ya Indian Wells. Watakaoshuka Kanombe ni namba 120 wa dunia, namba 190, namba 280. Wengi wao hawasafiri na kocha. Mabegi wanabeba wenyewe, raketi wanapeleka wenyewe kwa fundi wa nyuzi jioni, na hesabu za hoteli na tiketi wanazipiga wenyewe kichwani kabla ya kulala.

Hao ndio ninaowangoja mimi. Naandika haya mwishoni mwa 2025, na Rwanda Challenger, mashindano ya tenisi ya Kigali, ikifuata mwendo wake wa miaka miwili iliyopita, itaangukia mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi. Marafiki zangu wa Mwanza wakisikia nataka kuvuka mpaka kwenda kutazama tenisi, swali lao ni lilelile: anakuja nani? Nikitaja majina wananitazama kama mtu aliyesoma orodha ya abiria. Basi makala hii ni jibu langu refu kwao.

Tuanze na mashindano yenyewe. Yalianza 2024, wiki mbili mfululizo, kwenye viwanja vya udongo vya Kicukiro, wilaya ya jiji la Kigali, ndani ya eneo la chuo cha IPRC. Mwaka ule wa kwanza wiki zote mbili zilikuwa Challenger 50. Mwaka 2025 zikapanda: wiki ya kwanza ikawa Challenger 75, ya pili Challenger 100. Namba hizo si pambo. Ndizo pointi za orodha ya ubora wa dunia anazoondoka nazo bingwa. Challenger ni ngazi ya katikati ya tenisi ya kulipwa ya wanaume. Chini yake kuna mashindano madogo ya ITF, shirikisho la tenisi la dunia, yanayoitwa M15 na M25, na juu yake ndiko iliko ziara kuu ya ATP, chama cha wanaume wa kulipwa, halafu Grand Slam, yale manne makubwa, kileleni.

Ukitaka kujua pointi 100 zina uzito gani, zilinganishe na Wimbledon. Mtu anayetolewa raundi ya tatu Wimbledon anapata 100, sawasawa na bingwa wa Challenger 100. Yule wa Wimbledon ameshinda mechi mbili kupata hizo. Wa Kigali ameshinda tano, hewa ikiwa nyepesi, na kila aliyekutana naye alikuwa anatafuta riziki ileile. Anayefungwa mechi ya kwanza Kigali anapata pointi sifuri. Anayefungwa mechi ya kwanza kwenye droo kuu, yaani mashindano yenyewe baada ya kufuzu, ya Wimbledon ya 2025 aliondoka na pauni 66,000.

Hapo ndipo ushindani wa Kicukiro unapopata ukali wake. Grand Slam moja inaingiza wanaume 128 kwenye droo kuu, na wengine 128 wanagombea nafasi chache za kufuzu. Kwa hiyo kuna mstari, takriban namba 230 ya dunia, ambao ukiwa juu yake una tiketi ya kwenda Paris, London, New York na Melbourne angalau kujaribu kufuzu, na ukiwa chini yake unabaki nyumbani ukitazama. Mchezaji namba 245 anayefika Kigali mwezi wa Machi anajua tarehe ya kufungwa kwa orodha ya Roland Garros, Grand Slam ya Paris, kama mwanafunzi anavyojua tarehe ya mtihani. Robo fainali moja inaweza kumvusha. Ukimwona amevunja raketi kwenye mechi ya raundi ya pili mbele ya watazamaji sitini, usimcheke.

Wapo waliovuka, tena kwa kishindo. Kamil Majchrzak wa Poland alikuwa ndani ya 80 bora mwaka 2022, kisha vipimo vyake vikaonyesha dawa zilizokatazwa. Uchunguzi ulikubali kwamba zilitoka kwenye kirutubisho kilichochafuliwa, lakini adhabu ya miezi 13 alitumikia hadi mwisho wa 2023. Alianza 2024 bila pointi yoyote, akaanzia huko chini kabisa. Machi mwaka huo alikuwa Kicukiro, na akawa bingwa wa kwanza wa mashindano haya. Katikati ya 2025 mtu huyohuyo alimtoa Matteo Berrettini, aliyewahi kucheza fainali ya Wimbledon, kwenye raundi ya kwanza ya Wimbledon, na akaendelea hadi raundi ya nne. Mfaransa Valentin Royer alinyakua taji Kigali mwanzoni mwa 2025, na Septemba mwaka huohuo akawa kwenye fainali ya mashindano ya ATP ya Hangzhou, China, dhidi ya Alexander Bublik. Alishindwa, lakini fainali ya ziara kuu ni fainali ya ziara kuu.

Sisemi kwamba Kigali ndiyo iliyowafanya. Wachezaji hawa wanazunguka dunia nzima, na wiki moja ya Rwanda ni kituo kimoja kati ya vingi. Ninachosema ni kwamba ukikaa kwenye benchi pale Kicukiro, mmoja kati ya wale thelathini na wawili wa droo atakuwa kwenye televisheni yako kabla mwaka haujaisha, na utakuwa umemwona akifunga kamba za viatu mita chache kutoka ulipokaa.

Lakini mtu wa Kigali ninayempenda kuliko wote si Majchrzak wala Royer. Ni yule Majchrzak aliyemfunga fainali: Marco Trungelliti wa Argentina.

Wapenzi wengi wa tenisi wanamjua kwa kisa kimoja. Mei 2018 alishindwa na Hubert Hurkacz katika raundi ya mwisho ya kufuzu Roland Garros. Akarudi zake Barcelona alikokuwa akiishi. Huko walikuwapo mama yake, ndugu yake wa kiume na bibi yake mwenye miaka 88, waliokuja kutoka Argentina. Jumapili habari zikamfikia: wachezaji wanajitoa kwa majeraha, Nick Kyrgios akiwamo, na wale walioshindwa kwenye kufuzu ambao bado walikuwa Paris hawatoshi kujaza nafasi. Akifika kesho asubuhi kujiandikisha, anacheza. Bibi alikuwa bafuni anaoga alipoambiwa kuna safari. Wakakodi gari, wakaingia wote wanne, wakaendesha kilomita zaidi ya 1,000 kwa saa kumi hivi. Walifika Paris karibu na usiku wa manane. Saa tano asubuhi Trungelliti alikuwa kwenye udongo wa Roland Garros akipambana na Bernard Tomic, na akamfunga seti tatu kwa moja. Raundi iliyofuata Marco Cecchinato alimtoa, lakini euro 79,000 zilikuwa zimeingia.

Kisa hicho kinachekesha, na magazeti ya dunia yalikipenda kwa sababu ya bibi. Kipo kingine kisichochekesha. Mwaka 2015 Trungelliti alifuatwa Buenos Aires na watu waliotaka auze mechi. Alikataa, akawaripoti kwa kitengo cha maadili cha tenisi, na ushahidi wake ukachangia Waargentina wenzake watatu kuadhibiwa. Malipo yake yakawa kuitwa msaliti na baadhi ya watu wa kwao. Aliendelea kucheza akiwa amewekewa kinyongo vyumbani mwa kubadilishia nguo.

Sasa mweke mtu huyo Kicukiro, Machi 2024. Ana miaka 34, umri ambao wengi wa daraja lake wameshakuwa makocha wa watoto. Wiki ya kwanza anafika fainali, Majchrzak anampiga. Anakunywa maji, analala, anaanza upya kwenye droo nyingine. Wiki ya pili anafika fainali tena, na safari hii anamshinda Clément Tabur wa Ufaransa na kuchukua kombe. Fainali mbili ndani ya siku kumi na nne, kwenye mwinuko, katika umri ule. Sijui mashindano mengine ya ukanda huu ambayo yamewahi kumleta mtu mwenye historia nzito namna hiyo halafu watu wakapita nje ya uzio bila kugeuza shingo.

Kisa cha Trungelliti kinanigusa kwa sababu ya vijana wa mtaani kwangu. Hao wanawajua wachezaji wa Challenger kuliko unavyodhani, ila wanawajua kupitia mkeka. Nenda kibanda chochote cha kubeti usiku wa Jumanne wakati hakuna mpira wa Ulaya, utakuta kijana aliyeongeza mechi mbili za tenisi kujazia mkeka wake. Atakutajia jina la Mfaransa namba 240 wa dunia na kukuambia ana matatizo kwenye seti ya pili. Hajawahi kumwona akicheza. Mkeka ukichanika, wengine huingia kwenye ukurasa wa yule mchezaji mitandaoni na kumporomoshea matusi kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha wasizozijua. Wachezaji wa ngazi hii wamekuwa wakilalamika kuhusu matusi hayo kwa miaka, na yanatoka kila pembe ya dunia, pembe yetu ikiwamo.

Pesa ya kubeti inayozunguka kwenye mechi moja ya Challenger inaweza kuwa kubwa kuliko zawadi anayoigombania mchezaji mwenyewe. Ndiyo maana wale waliomfuata Trungelliti hawakwenda kumfuata namba 3 wa dunia. Ningependa yule kijana wa mkeka apande basi nami, akae kwenye benchi, amwone Mfaransa wake akihema na kushika paja kwenye seti ya tatu. Nadhani angeandika ujumbe tofauti. Au asiandike kabisa, jambo ambalo ni bora zaidi.

Turudi uwanjani, maana kuna mambo ya kutazama ambayo kamera moja ya matangazo ya mtandaoni haionyeshi vizuri.

Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Roland Garros haifiki hata mita 50. Tofauti hiyo inabadilisha kila kitu kwenye mchezo wa udongo. Hewa ikiwa nyepesi, mpira haukutani na kizuizi kikubwa, kwa hiyo unakwenda haraka na mbali. Mzunguko ambao mchezaji anaupa mpira ili ushuke ndani ya mstari haufanyi kazi kama ulivyozoeleka, kwa sababu mzunguko huo unahitaji hewa ya kuushika. Halafu ukitua unaruka juu, wakati mwingine hadi begani. Sheria za tenisi zinatambua jambo hili: kuna aina ya mpira iliyotengwa kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Wachezaji nao hukaza nyuzi za raketi kwa kilo moja au mbili zaidi ya kawaida ili wasipoteze udhibiti.

Sisi wa Mwanza tunalijua hili kwa kiasi chetu. Ziwa lenyewe liko mita zaidi ya 1,100, na wageni kutoka Dar wakija kucheza nasi, robo saa ya kwanza mipira yao inaenda kugonga uzio wa nyuma. Wanalaumu raketi, wanalaumu saruji ya uwanja, wanalaumu jua. Kigali iko juu yetu kwa mita mia nne na ushei, na wanaokuja huko ni watu ambao wiki moja kabla walikuwa kwenye viwanja vya ndani vya Ulaya au kwenye joto la Amerika ya Kusini.

Kwa hiyo siku mbili za kwanza zitazame kwa jicho la fundi. Nani anaanzisha mpira kwa sevu ya kuruka, ile inayotoka kwenye raketi ikipanda juu ya bega la mpokeaji? Huyo ana hazina Kigali. Nani anapokea akiwa amesimama mita tatu nyuma ya mstari kama alivyofundishwa Hispania? Huyo atateseka, maana mpira ukipaa hivyo anaufikia ukiwa juu ya kichwa. Nani amefika mapema, tangu Alhamisi, na anafanya mazoezi saa sita mchana? Mimi ningemtazama huyo kuliko aliyepangwa nafasi ya kwanza ambaye ametua Jumapili usiku.

Pia kuna mapafu. Mechi za Challenger ni seti mbili kati ya tatu, si tatu kati ya tano, lakini seti ya tatu Kicukiro ina lugha yake. Pointi ndefu ya mapigo ishirini na tano ikiisha, tazama anayetembea polepole kwenda kuchukua taulo. Sekunde zile anaziiba kwa sababu anazihitaji. Wenye akili hufupisha pointi: sevu, shambulio, mpira wa kudondosha karibu na wavu. Mpira wa kudondosha ni silaha katili pale, kwa sababu mpinzani amekimbizwa nyuma na mruko, halafu anaitwa mbele mbio na hewa haitoshi.

Na mvua. Mwanzo wa Machi masika huwa mlangoni Rwanda, na mawingu ya alasiri hayasomi ratiba. Udongo ukinyeshewa sana mechi inasimama, turubai zinavutwa, na wachezaji wanarudi kukaa, kucheza karata, kulala sakafuni. Ikianza tena, uwanja ni mwingine kabisa: mzito, mpira umelowa na hauendi. Aliyekuwa akiongoza kwa nguvu za sevu asubuhi anaweza kujikuta saa kumi jioni anacheza mchezo asioujua. Karibu na ikweta jua nalo halisubiri mtu, kwa hiyo kila saa ya mvua inaila jioni. Wiki ya pili huwa na hatari hiyo zaidi kuliko ya kwanza. Ukiwa na wiki moja tu ya kwenda, nenda ya kwanza.

Tena usiende fainali. Najua nasema kinyume cha desturi. Fainali ina muziki, viongozi kwenye viti vya mbele, hotuba na picha. Ina mechi moja ya watu wawili, na mmoja wao pengine amechoka. Jumapili na Jumatatu za kufuzu una viwanja kadhaa vinavyochezwa kwa wakati mmoja, unahama kutoka uzio mmoja hadi mwingine, unasikia mchezaji akijisemesha kwa Kihispania, mwingine akimwomba msimamizi mpira mpya. Mwamuzi anaposhuka kwenye kiti chake kirefu kuja kukagua alama ya mpira kwenye udongo, unaiona alama hiyo kabla yake. Jumatano jioni ongeza mechi za wawili wawili. Watu wa Afrika Mashariki hawazipendi vya kutosha, sijui kwa nini. Ndizo mechi zenye vicheko.

Sasa jambo ambalo litanifanya nikunje uso. Nikifungua droo nitatafuta kwanza majina ya huku. Mashindano ya Challenger hutoa kadi tatu za mwaliko kwenye droo kuu, na ni haki ya wenyeji kuzitumia kwa vijana wao. Kijana wa Kigali namba elfu moja na kitu, au asiye na namba kabisa, anakutana na mtu wa 200 bora. Mara nyingi inaisha ndani ya saa moja, watu wanapiga makofi ya heshima, kijana anapiga picha, basi. Sioni aibu yoyote hapo. Pengo ni pengo la mechi. Huyu Mfaransa amecheza mechi sabini mwaka jana dhidi ya watu wa kiwango chake. Kijana wetu amecheza mashindano machache ya klabu, labda na Davis Cup, mashindano ya timu za mataifa, ya kundi la chini.

Afrika Mashariki imewahi kutoa mtu. Paul Wekesa wa Kenya alifika namba 100 ya dunia kwa mchezaji mmoja mmoja mwaka 1995, na alishinda mataji matatu ya ziara kuu katika mechi za wawili wawili. Miaka thelathini imepita na hajatokea mwanamume mwingine wa ukanda huu kufika pale. Wekesa alipitia chuo kikuu Marekani. Mrundi Guy Orly Iradukunda naye alipitia njia hiyo, akicheza Florida State. Ni njia nzuri, lakini ina maana kwamba ili mtu wa Bujumbura au Nairobi acheze mechi za kutosha, sharti avuke bahari. Kijana wa Tanzania anayetaka pointi yake ya kwanza ya dunia leo ataambiwa aende Monastir, Tunisia, ambako mashindano ya M15 huchezwa karibu kila wiki. Piga hesabu ya ndege, hoteli na chakula kwa mwezi mmoja, halafu kumbuka kwamba bingwa wa M15 anapata pointi 15.

Nairobi na Kigali zimewahi kuandaa mashindano ya ITF ya ngazi hizo za chini, na hapo ndipo ningeweka fedha kama ningekuwa nazo, kabla ya kuota Challenger 125. Kuhusu kadi za mwaliko nina pendekezo ambalo halinigharimu kitu: moja kati ya hizo tatu ishindaniwe na vijana wa Jumuiya nzima. Wiki moja kabla, hapohapo Kicukiro, waje wawili kutoka kila nchi, wacheze, atakayebaki wa mwisho aingie. Rwanda itapoteza nafasi moja na kupata mashabiki wa nchi saba. Mtanzania akiingia kwenye droo kuu, basi la Mwanza litajaa bila mimi kumbembeleza mtu.

Safari yenyewe imekuwa rahisi kuliko zamani. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita tatu hivi juu ya maji, na ile foleni ya kivuko iliyokula asubuhi nzima imebaki hadithi. Geita, Runzewe, Nyakanazi, Benako, halafu Rusumo. Ukivuka mto pale, gari linahamia upande wa kulia wa barabara na saa yako unairudisha nyuma kwa saa moja, jambo la kukumbuka kama umepania mechi ya kwanza. Kibungo, Kayonza, Rwamagana, unaingia Kigali. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na mtu wa kukuelekeza Kicukiro hutamkosa. Asiyeweza kusafiri asinune: mechi za Challenger huonyeshwa bure kwenye tovuti ya ATP. Kamera ni moja na mara nyingi hakuna mtangazaji, unasikia viatu na ndege tu.

Mmoja wenu ataniuliza tena: haya, nani atashinda? Orodha ya walioingia itatoka wiki chache kabla, na siwezi kutaja jina ambalo halijaandikwa. Ila natafuta mtu wa namna hii. Ana kati ya miaka 25 na 30. Anatoka nchi yenye udongo mwingi, Ufaransa, Italia au Argentina. Sevu yake inaruka. Amewahi kuwa ndani ya 120 bora akaporomoka kwa jeraha au kwa maisha, na sasa yuko kati ya 150 na 250 akipanda. Hakuja kwa wiki moja, amejiandikisha zote mbili. Mkishaona orodha, nitumieni jina lenu kwenye maoni, na mimi nitaweka langu pale juu ya makala kabla ya Jumapili ya kufuzu. Hakuna mkeka. Atakayekosea analipa chai na chapati Nyakanazi wakati wa kurudi.